Dakika 17 kwa chumba: Rachel Keke na miaka yake miwili bungeni Ufaransa

Hesabu ni hii: vyumba vitatu na nusu kwa saa moja. Ukigawanya unapata dakika 17 na sekunde kidogo kwa kila chumba, na ndani ya hizo dakika unatakiwa ubishe hodi, uingie, uvue mashuka, utandike upya, usugue choo na bafu, ufute vioo, ubadilishe taulo, ufyonze vumbi, ubebe taka, halafu utoke na toroli lako kama vile hakuna mtu aliyewahi kulala humo ndani. Hiyo ndio spidi waliyopangiwa wanawake waliokuwa wanasafisha hoteli ya Ibis Batignolles pale Paris, na ndio hesabu iliyomfikisha mmoja wao, Rachel Keke, kwenye Bunge la Ufaransa mwaka 2022. Wengi wanaisimulia stori yake kuanzia usiku wa ushindi, mama wa Kiafrika, kamera, vifijo, na mimi nadhani ukianzia hapo umeshaikosa stori yenyewe.

Niseme kabisa kwamba siko katikati kwenye hili. Nimefanya hausikipingi kwenye hoteli ya ufukweni Zanzibar kabla sijaingia kwenye mambo mengine, kwa hiyo mtu akiniambia dakika 17 mimi siioni namba, naona mchanga. Mchanga uko kwenye mashuka, uko kwenye tundu la bafu umeshikana na nywele, uko chini ya zulia, na ukiupiga maji unakuwa tope. Halafu kuna chumba ambacho mgeni bado yupo, hicho unakizungusha haraka, na kuna chekauti, mgeni ameondoka, hapo unaanza moja, na kama ilikuwa familia yenye watoto wadogo hesabu ya dakika imeshakufa kabla hujafungua mlango vizuri. Supavaiza anapita koridoni, "Dada, 214 bado tu?" na wewe uko magotini unachokonoa biskuti kwenye kona ya kapeti. Kwenye makaratasi vyumba vyote ni sawa. Aliyepanga idadi hajawahi kuinama.

Sasa twende kwa mwenyewe. Rachel Keke alizaliwa mwaka 1974 Abobo, kule Abidjan, Ivory Coast. Baba dereva wa basi, mama muuza nguo. Mama alifariki Rachel akiwa na miaka 12 na binti akajikuta analea wadogo zake, mambo ambayo kwetu huku hayahitaji maelezo, kila ukoo una dada wa namna hiyo. Mwaka 2000 akaenda Ufaransa, ana miaka 26. Akaanza na kazi za nywele, akafanya hiki na kile, na kuanzia mwaka 2003 akaingia kwenye usafi wa hoteli na humo akakaa karibu miaka ishirini. Akazaa, akalea, watoto watano, akapata uraia wa Ufaransa mwaka 2015. Ni maisha ya mamilioni ya watu, hayana cha ajabu, na angebaki hivyo hivyo bila mtu kumjua kama isingekuwa Julai 2019.

Hapa kuna kitu lazima nikieleze maana ndio roho ya mambo yote. Hoteli ile ni ya kundi la Accor, moja ya makampuni makubwa ya hoteli duniani, na yenyewe ni kubwa kweli, vyumba zaidi ya 700. Lakini wale kina mama hawakuwa wafanyakazi wa Accor. Walikuwa wameajiriwa na kampuni ya usafi inaitwa STN, yaani wakala, autsosingi, ile tunayoijua wenyewe. Unavaa sare ndani ya hoteli, unasafisha chumba cha hoteli, mgeni akilalamika anailalamikia hoteli, ila siku ya mshahara hoteli haikujui. Ukienda kwa meneja wa hoteli anakwambia nenda kwa wakala, ukienda kwa wakala anakwambia bei ya kandarasi ndio hiyo hoteli imetoa. Kila mmoja ana pa kukupeleka.

Na spidi inaingia hapo. Mkataba unasema masaa, labda masaa matano au sita kwa siku, ila ukweli ni kwamba unapewa vyumba. Usipomaliza ndani ya muda unabaki mpaka umalize, na huo muda wa juu haulipwi, kwa maelezo kwamba mwenzako mwenye mikono myepesi angemaliza. Kwa hiyo unalipwa kwa saa kwenye karatasi na kwa chumba kwenye uhalisia. Matokeo yake ni mabega, viwiko na migongo. Daktari wa kazini anawaandikia baadhi yao wapunguziwe mzigo, na kilichowasha moto ni pale wakala alipotaka kuwahamishia hoteli nyingine wanawake ambao walikuwa tayari na vyeti vya daktari vya namna hiyo. Umeumia kwa kazi yangu, basi nenda ukaumie kwingine.

Tarehe 17 Julai 2019 wakagoma. Walikuwa kama ishirini hivi, karibu wote wametoka Afrika, nchi mbalimbali, wengine Kifaransa cha kuandika kinawapiga chenga, na wakaingia kwenye chama cha wafanyakazi, CGT, tawi linaloshughulika na mahoteli. Rachel Keke na Sylvie Kimissa wakawa sura za mbele. Kila siku ya kazi wanakuja, wanakaa nje ya mlango wa hoteli, wanapiga ngoma, wanaimba, wanacheza, wanamwaga vipande vya karatasi kwenye lami hapo mlangoni, na mgeni anayekuja na sanduku lake la magurudumu lazima apite katikati. Nimeziangalia video za wakati ule mara nyingi na kinachonivutia ni kwamba hawaonekani kama watu wanaoomba huruma, wanaonekana kama watu wako kwenye shughuli ya harusi. Hiyo ni akili kubwa, kwa sababu mgomo wa watu wenye huzuni unachosha mapema, wagomaji wenyewe na wapita njia pia.

Hela ya kula ilitoka kwenye mfuko wa mgomo, watu wanachangia. Miezi minane imepita hivyo, baridi ya Paris ikaja na ikaondoka, halafu Machi 2020 Covid ikaingia, hoteli ikafungwa, na wao wakawekwa kwenye malipo ya serikali ya waliosimamishwa kazi kwa muda. Wengi tungesema imekwisha hapo. Haikuisha. Tarehe 25 Mei 2021, miezi 22 tangu waanze, wakasaini makubaliano: nyongeza ya kati ya euro 250 na 500 kwa mwezi kutegemea na mtu, vyumba kwa saa vikapunguzwa, masaa ya ziada yakalipwa, kukawa na mashine ya kusajili muda wa kuingia na kutoka, na posho ya chakula euro 7.30 kwa siku. Usidharau hiyo posho. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kushika kazi mpaka mchana akiwa na tumbo tupu anajua euro saba ni nini.

Kwa hiyo mimi ukiniuliza kazi kubwa ya kisiasa ya Rachel Keke nitakwambia ni hii, na aliifanya kabla hajawa mbunge. Nitalirudia baadaye maana kuna watu watanipinga.

Baada ya mgomo akawa anajulikana, na kwenye uchaguzi wa rais wa 2022 akasimama upande wa Jean-Luc Mélenchon, mgombea wa mrengo wa kushoto. Mélenchon alishika nafasi ya tatu, hakuingia raundi ya pili, lakini kura zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba vyama vya mrengo wa kushoto vikakubali kuungana kwa ajili ya uchaguzi wa wabunge, muungano ukaitwa NUPES, na Keke akapewa jimbo la saba la Val-de-Marne, kusini mwa Paris. Ni jimbo la Chevilly-Larue alikokuwa anaishi mwenyewe, L'Haÿ-les-Roses, Thiais, na Rungis, lile soko kubwa la jumla linalolisha Paris nzima, samaki, nyama, mboga, watu wanaanza kazi saa nane usiku. Wapiga kura ambao wameshaamka wakati mji unalala.

Kwa wasiojua, Ufaransa wabunge ni 577 na kila mmoja ana jimbo lake, hakuna viti maalum. Usipopata zaidi ya nusu raundi ya kwanza mnarudi Jumapili inayofuata. Kila mgombea anatembea na msaidizi wake kwenye karatasi ya kura, ambaye ndiye atakikalia kiti mbunge akifariki au akiteuliwa waziri. Na tangu 2017 mbunge haruhusiwi kuwa meya kwa wakati mmoja, zamani walikuwa wanashika vyote viwili bila aibu.

Mpinzani wake raundi ya pili alikuwa Roxana Maracineanu, aliyekuwa waziri wa michezo wa Rais Macron mpaka mwezi mmoja kabla. Na huyu naye stori yake si ya kupita haraka: mzaliwa wa Bucharest, Romania, aliletwa Ufaransa akiwa mtoto, akawa muogeleaji, bingwa wa dunia wa mita 200 kwa mgongo mwaka 1998, medali ya fedha Olimpiki ya Sydney 2000. Kwa hiyo wapiga kura wa jimbo lile tarehe 19 Juni 2022 walikuwa wanachagua kati ya wanawake wawili ambao wote walizaliwa nje na wakaja kuwa Wafaransa, mmoja kupitia bwawa la kuogelea na mwingine kupitia mashuka. Keke akashinda kwa asilimia 50.3, tofauti ya kura zisizofika 200. Aisee, kura 200 ni ghorofa mbili tatu za flati za Chevilly-Larue! Wote waliopanda ngazi kugonga milango siku ya mwisho wana haki ya kusema ni wao waliomwingiza.

Magazeti yakaandika kwamba mfanyakazi wa usafi wa hoteli ameingia Bunge la Ufaransa kwa mara ya kwanza. Ni kweli na ni kubwa. Ila kuna mstari mwingine ambao kwangu unanoga zaidi na sijaona ukizungumzwa sana huku kwetu. Jumba la bunge lao, Palais Bourbon, lilishapokea watu kutoka Afrika zamani. Blaise Diagne wa Senegal aliingia humo mwaka 1914. Baada ya vita kuu ya pili Saïd Mohamed Cheikh, daktari wa Ngazija, alikaa humo akiwakilisha Komoro, majirani zetu kabisa. Na mwaka 1945 aliingia Félix Houphouët-Boigny, naye daktari na mkulima, ambaye tunamjua zaidi kama rais wa kwanza wa Ivory Coast. Mwaka 1946, tarehe 11 Aprili, bunge lile likapitisha sheria ya kufuta kazi za kulazimishwa kwenye makoloni, sheria ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Houphouët-Boigny. Kabla ya hapo mkoloni alikuwa anaweza kuja kijijini kwenu akachukua vijana wakalime shamba la Mzungu au kujenga barabara, wapende wasipende.

Sasa weka hao wawili pamoja. Mwaka 1946 mtu wa Ivory Coast anasimama Paris kuhusu kazi ya mikono ya watu wake wakiwa kwao. Miaka 76 baadaye mwanamke mzaliwa wa Abidjan anasimama kwenye ukumbi ule ule kuhusu kazi ya mikono ya watu kama yeye, safari hii wako Paris kwenyewe, hakuna aliyewabeba kwa nguvu, wamekata tiketi wenyewe. Sisemi ni kitu kimoja. Kibarua cha lazima na mshahara mdogo ni vitu viwili tofauti na anayevichanganya hajamuuliza babu yake. Nasema tu kwamba ukumbi ule una kawaida ya kuhitaji mtu atoke mbali ili uambiwe kazi ni nini.

Na aliwaambia. Julai 2022, wiki chache tu tangu aingie, bunge linajadili ugumu wa maisha, upande wake unataka kima cha chini kipande mpaka euro 1,500 mkononi, wakati huo kilikuwa kama 1,300. Keke akashika maiki akawauliza wenzake swali jepesi: nani humu ndani ameshawahi kulipwa euro 800 kwa mwezi? 900? Elfu moja? Ukumbi ule mbunge alikuwa analipwa kama euro 7,200 kabla ya makato. Unaweza kusema ni maigizo, na wapo waliosema, lakini mimi naona ni swali la kitaalamu kabisa, sawa na daktari kuuliza kwenye mjadala wa hospitali nani hapa ameshawahi kushona kidonda.

Walimcheka pia, tusifiche. Kifaransa chake kina lafudhi ya Abidjan na sarufi inateleza, na mitandaoni watu wakawa wanakata vipande vya video na kurusha. Twiti zake za zamani zikafukuliwa, nyingine hazikuendana kabisa na chama alichoingia nacho, akabaki kujieleza. Hapo sina la kumtetea sana, ukiandika kitu hadharani kitakuja kukudai. Ila la Kifaransa linanikera. Watu ambao mashuka yao yametandikwa na Kifaransa hicho hicho kwa miaka ishirini hawakuwahi kulalamika lafudhi mpaka ilipofika kwenye maiki.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Alifanikiwa nini bungeni? Kwa kuhesabu sheria, kidogo sana. Alikuwa upande wa upinzani, na upinzani Ufaransa una maiki ndefu na mikono mifupi. Chukua ishu ya pensheni ya mwaka 2023. Serikali inataka umri wa kustaafu utoke 62 uende 64. Kwa mwanasheria ni miaka miwili ya ofisini. Kwa mtu wa toroli ni miaka miwili mingine ya kuinama na bega lililokwisha. Mamilioni waliandamana, wapinzani wakapiga kelele usiku na mchana, na tarehe 16 Machi waziri mkuu Élisabeth Borne akatumia kifungu cha 49.3 cha katiba, ambacho kinaipa serikali nafasi ya kupitisha muswada bila kuupigia kura, labda bunge liiangushe serikali yenyewe. Siku nne baadaye wakajaribu kuiangusha, wakakosa kura tisa. Ikawa imepita, 64.

Linganisha: wanawake ishirini kwenye lami, bila kiti, bila kinga ya kibunge, walimlazimisha tajiri aweke mashine ya kusajili masaa. Mbunge huyo huyo akiwa na mkanda wa rangi tatu kifuani hakuweza kuizuia serikali hata kwa siku moja. Rafiki yangu mmoja tulibishana sana kwenye hili, yeye anasema dada yangu wewe unapunguza thamani ya bunge, kuonekana kwake mle ndani kumewafungua macho watu wengi kuliko mgomo wowote. Inawezekana. Mimi nabaki palepale kwamba nguvu yake ilikuwa kule ambako akiacha kufanya kazi, chumba kinabaki kichafu. Bungeni akinyamaza, kikao kinaendelea.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa wa Gaza. Tarehe 4 Juni 2024 aliinua bendera ya Palestina ndani ya ukumbi, wiki moja tu baada ya mwenzake Sébastien Delogu kufanya hivyo hivyo na kufungiwa siku 15, na kikao kikasimamishwa. Siku tano baadaye haikuwa na maana tena, kwa sababu tarehe 9 Juni, usiku wa matokeo ya uchaguzi wa Ulaya, Macron alivunja bunge lote. Wabunge walipaswa kukaa mpaka 2027, wakapata wiki tatu za kampeni.

Safari hii aliyesimama mbele yake ni Vincent Jeanbrun, wakati huo meya wa L'Haÿ-les-Roses, mtu wa mrengo wa kulia. Huyu alikuwa amejulikana nchi nzima mwaka mmoja kabla kwa jambo baya sana: Julai 2023, kwenye zile vurugu zilizofuata baada ya polisi kumuua kijana Nahel kule Nanterre, watu walisukumiza gari nyumbani kwake usiku, mke na watoto wamo ndani, mke akaumia wakati wanakimbia. Mtu wa namna hiyo nyumbani kwake si mpinzani mwepesi, na mwaka 2022 Keke alikuwa amepita kwa tofauti ya kura zisizofika 200, kwa hiyo hakuwa na akiba. Tarehe 7 Julai 2024 akashindwa. Ajabu yake ni kwamba usiku huo huo upande wake, sasa ukiitwa Nouveau Front populaire, ndio uliotoka na wabunge wengi kuliko kambi nyingine yoyote. Wameshinda, yeye yuko nje.

Kuna kitu kimoja hakikupatikana kwenye lami wala bungeni, na kwangu ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Wale kina mama walikuwa wanataka waajiriwe na hoteli moja kwa moja, wakala aondoke katikati. Makubaliano ya Mei 2021 yaliwapa hela, muda na chakula, ila hilo walinyimwa, na Keke aliendelea kulipigia kelele akiwa mbunge mpaka anaondoka. Unaelewa kwa nini lilinyimwa ukiangalia faida yake: kandarasi ya usafi ikiisha hoteli inatafuta wakala mwingine wa bei ya chini, jina kwenye sare linabadilika, na idadi ya vyumba inaanza kujadiliwa upya na bosi ambaye anasema yeye ni mgeni, hakuwepo wakati mnasaini.